Siku Tatu za Kwenda Kuiona Filamu ya Amani

Nilikwenda Houston kwa sababu Amani alinipigia simu akaniomba mambo mawili. La kwanza, nimkagulie Kiswahili kilichoandikwa chini ya picha katika filamu yake, maana kilitafsiriwa na kompyuta na yeye, aliyeondoka kambi ya wakimbizi akiwa na miaka kumi, hakukiamini. La pili, nimpelekee mama yake.

"Filamu inahusu nini?" nilimuuliza.

"Vijana wawili wa miaka kumi na saba. Mmoja Mkongomani, mmoja Mkenya. Wanapendana. Wote wawili ni wavulana, Mwalimu."

Aliyasema hayo kama mtu anayekutajia namba ya nyumba. Nilikuwa jikoni kwangu Mesquite, kando ya Dallas, nimetoka kazini ghalani, hata viatu vya kazi sijavua. Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akasema anajua tu kwamba kuna filamu.

"Mwambie wewe," akasema. "Hata mara ya kwanza wewe ndiye ulitafsiri."

Ninyi mnaosoma haya mkiwa Uvira na Kigoma, yanipasa niwaeleze maana ya maneno hayo. Amani nilimfundisha kusoma kambini Tanzania. Familia yao na yangu tulifika Texas mwaka mmoja, tukapangiwa apatimenti katika jengo moja. Alipokuwa na miaka kumi na saba, mama yake alikuta kwenye simu yake ujumbe aliokuwa akiandikiana na Brian, mtoto wa Wakenya waliokaa jengo la pili. Hayakuwa maneno makubwa. Walikuwa wakiambiana kwamba wamekumbukana tangu jana. Mama Amani alimnyang'anya simu, akampeleka kanisani. Jumapili tatu mfululizo Amani alipiga magoti mbele ya watu, mchungaji akamwombea kwa Kiswahili, na mimi, kwa sababu vijana wetu wengi Kiswahili kinawapita, nilisimama pembeni na kipaza sauti nikigeuza kila neno kwa Kiingereza. Pamoja na neno la matusi ambalo mchungaji alimwita. Baada ya Jumapili ya tatu Amani hakukanyaga tena kanisani. Alipomaliza shule alihamia Houston, na tangu hapo huja kwa mama yake Krismasi tu. Anakula, anaosha vyombo, anaondoka.

Kwa hiyo alipotaja kutafsiri, nilijibu kwamba nitakuja, na mama nitamleta.

Ijumaa saa tatu asubuhi, Mesquite. Mama Amani alikuwa ameshasimama chini ya ngazi na kasha la barafu miguuni, ndani yake sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa kukaanga tunaowaita ndagala, na bakuli la maharage. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na nywele alizisuka jana yake. Nilikuwa nimemwambia kwamba filamu ni ya watoto wa kambini. Ndivyo nilivyomdanganya, na uongo huo niliupakia garini pamoja na lile kasha.

Tuliipita Dallas kwa kuzunguka, tukashika barabara kuu inayoteremka kusini. Baada ya Ennis nchi inakuwa tambarare, malisho na ng'ombe, mabango ya mawakili na ya nyama ya kuchoma. Mama Amani alizungumza njia nzima. Alinisimulia habari za mzee mmoja anayemwogesha, ambaye kila asubuhi humuuliza kama vita kwao vimekwisha. Karibu na Corsicana akaniuliza:

"Jina ya Amani wataiandika pale juu?"

"Wataandika."

"Na ya baba yake?"

"Jina lote," nikasema. Baba yake Amani alifia kambini.

Akatabasamu akitazama dirishani, na nikaona siwezi kumfikisha Houston katika hali hiyo.

Saa tano na nusu tulisimama kwenye kituo cha mafuta nje ya mji mdogo uitwao Buffalo. Upande wa nyuma palikuwa na meza ya saruji kwenye kivuli cha ukuta. Tulikaa, akafungua chakula, akanipa sahani. Nikamwambia kabla sijala, kwa maneno machache, kwamba filamu si ya kambi. Ni ya Amani na Brian. Majina yamebadilishwa, lakini ni wao.

Mama Amani aliendelea kuvunja vichwa vya ndagala, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakaisha bila kula hata mmoja.

"Na batu batakuja kuangalia?"

"Watakuja."

"Batu ba kwetu?"

"Sijui. Labda wachache."

"Ile siku ulitafsiri mbele ya kanisa nzima," akasema. "Leo umekuja kunitafsiria mimi hapa kwa magari. Mwalimu, kwani wewe hauna maneno yako?"

Akafunika chakula. Akasema nimpeleke kwa mtoto wake, kwa sababu hajamwona tangu Krismasi na chakula kitaharibika, lakini ile filamu hataiangalia. Kutoka hapo hadi miti ya misonobari ya Huntsville, na kutoka Huntsville hadi msongamano wa Houston, hakusema neno lingine.

Saa tisa alasiri, Pearland, kusini mwa Houston. Amani amepanga chumba kwa Njeri, muuguzi Mkenya wa umri wa kama miaka hamsini ambaye watoto wake wameshaondoka nyumbani. Nyumba ni ya matofali, barabara imenyooka, kila nyasi imekatwa. Amani alitoka nje kutupokea. Amekuwa mrefu, ana ndevu chache. Alimshika mama yake mkono kwa mikono yake miwili, akachukua kasha, akaniangalia. Nikatikisa kichwa kumjulisha kwamba nimeshasema. Naye akatikisa cha kwake.

Njeri alikuwa ametoka hospitali, bado na sare, akitupikia chai. Ni mtu wa kusema mambo wazi. Hatujamaliza kikombe cha kwanza akamwambia Mama Amani:

"Mama Amani, wacha nikuambie mapema usije ukashtuka. Kwa hii filamu mimi ndiye nili-act mama. Hakukuwa na pesa za actress, na Kiswahili changu ni cha Nakuru. Najua nimekuharibia."

Mama Amani alimtazama tangu kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiye mimi?"

"Ndiyo mimi."

"Unanifanya namna gani?"

Njeri aliweka birika chini. "Amani aliniambia nikasirike. Nikajaribu, ikakataa. Nikamwambia huyu mama hajakasirika, huyu anaogopa. Basi nikaogopa."

Mama Amani aliomba aonyeshwe mahali pa kulala, akajipumzisha mpaka jioni.

Jioni hiyo mimi na Amani tulikaa mezani na kompyuta. Kiswahili cha chini ya picha kilikuwa kibaya kweli. Mahali ambapo kijana anamwambia mwenzake kwamba anampenda, mashine iliandika "nakutaka". Nikafuta, nikaandika "nakupenda". Tulifanya hivyo kwa saa mbili. Mahali pengine mama anamuuliza mwanawe kama ana mchumba, naye anajibu, "Kuna mtu nampenda." Amani alicheka hapo. Alisema ndiyo sababu mazungumzo hayo aliyaweka kwa Kiswahili: katika lugha yetu mtu anaweza kusema ukweli wote bila kutaja kama ni msichana au mvulana. Mama katika filamu anauliza, "Ni mtoto wa nani?" na mwanawe anapeleka sahani jikoni.

Halafu tukafika sehemu ya kanisani. Kijana amepiga magoti, mchungaji anaomba, na pembeni amesimama mwanamke mwenye miwani na kipaza sauti. Anatafsiri bila kukosea, sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mchungaji analitaja lile neno la matusi, na mwanamke anatafuta neno linalolingana nalo kwa Kiingereza, analipata, analisema. Kamera inakaa kwenye uso wake muda mrefu.

Nilivua miwani yangu. Nikamuuliza Amani kwa nini hakumwonyesha huyo mwanamke akisita hata mara moja.

"Kwa sababu hukusita, Mwalimu." Hakusema kwa ukali. "Mimi nilikuwa nakuangalia wewe, si mchungaji. Nilifikiri utapunguza maneno. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha wote mle ndani, ningejua umepunguza, na ningejua uko upande wangu."

Nilimwomba msamaha. Akasema asante, akaniuliza kama "mkalimani" inaandikwa kwa neno moja. Mwisho wa filamu hakunionyesha. Alisema hauna maneno, hivyo hauhitaji tafsiri.

Jumamosi saa nane mchana. Onyesho lilikuwa saa tisa, katika ukumbi wa maktaba upande wa kusini wa jiji. Nilikuwa natafuta funguo za gari nilipomwona Mama Amani amesimama mlangoni, amevaa kitenge cha manjano na kilemba chake. Hakusema amebadili mawazo. Alimwambia Njeri tu, "Minataka kuona namna unaogopa," akaenda kukaa kiti cha mbele.

Ukumbini tulikuwa watu kama sitini: wanafunzi wenzake Amani wa chuo, wauguzi marafiki wa Njeri, wazee wawili wa Kimarekani walioshikana mikono, na familia mbili za Kikongo kutoka Missouri City, mji wa jirani, ambazo sikuzifahamu. Mama Amani alikaa kati yangu na Njeri. Amani alisimama nyuma ukutani.

Filamu ni ya saa moja na dakika chache. Vijana wawili wanakutana kwenye chumba cha kufulia nguo cha majengo yao, kila mmoja ametumwa na mama yake. Mashine moja imeharibika, wanagawana iliyobaki. Wiki inayofuata wanakutana tena, na ile ya tatu mmoja analeta nguo ambazo hazijachafuka. Hapo Mama Amani alitoa sauti ndogo puani, na nilielewa kwamba anakumbuka nguo hizo. Wanasikiliza muziki kwa kugawana visikilizi, sikio moja kwa huyu, moja kwa yule. Mmoja anasinzia begani kwa mwenzake, na mwenzake anakaa bila kujitikisa hata baada ya mashine kuacha kuzunguka. Sijui nilitarajia kuona nini. Niliona watoto wawili wanaoona haya, kama nilivyoona haya mimi nilipokuwa na umri huo na kijana wa mji wa Baraka ambaye sikuolewa naye.

Njeri anapoikuta ile simu katika filamu, hapigi kelele. Anafunga mlango, anafunga dirisha, anashusha pazia, ingawa ni mchana. Mama Amani aliangalia hayo na mikono yake mapajani.

Baada ya kanisa, sehemu ya mwisho ni kijana mmoja peke yake. Kila siku akitoka shule anakaa kwenye ngazi za jengo lao kumsubiri mwenzake aje. Tunaona gari la kuhamisha vitu mbele ya jengo la pili. Kijana anaendelea kukaa. Mvua inakuja, anaingia ndani, picha inazimika. Mwenzake hakuja hata kuaga.

Katika kimya kile, kabla ya makofi, Mama Amani alisema kwa sauti, "Hapana. Ni uongo."

Waliokuwa mbele yetu waligeuka. Wanafunzi hawakuelewa maneno, lakini sauti waliielewa. Nilimtazama Amani kule nyuma. Uso wake ulifungika kama zile Jumapili tatu. Taa zikawashwa, watu wakapiga makofi, akatoka nje.

Tulimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari la Njeri. Jua la Houston lilikuwa bado kali na lami ilikuwa inanuka. Mama Amani alimwendea mpaka wakakaribiana.

"Mama, sikukulazimisha kuja," Amani akasema.

"Sikiliza. Sisemi filamu ni mbaya. Nasema umekosea mahali moja. Brian alikuja."

Amani aliacha kuegemea gari.

"Mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa umelala. Mara ya pili ulikuwa bafuni, maji nilikuwa naisikia. Aliniuliza, 'Anti, nimemkosea nini?' Nikamwambia umehama, umeenda kwa mjomba wako Houston. Alikuwa anaenda kuhama kesho yake. Alikuja kukuaga. Nikafunga mlango."

Njeri alinishika mkono tukarudi nyuma hatua chache, lakini si mbali kiasi cha kutosikia. Amani aliteremka akakaa kwenye ukingo wa saruji, mikono magotini. Alikaa hivyo mpaka watu wa familia moja ya Missouri City walipopita wakatusalimu, wakapanda gari lao, wakaondoka.

"Alivaa nini?" akauliza mwishowe.

"Nini?"

"Siku aliyokuja kuniaga. Alikuwa amevaa nini?"

Mama Amani alifikiri. "Shati ya kazi. Ile ya duka alikuwa anauzia, yenye jina yake hapa kifuani. Na alikuwa amekata nywele."

Amani akafunika uso. Mama yake alitaka kumgusa kichwa, mkono ukafika karibu, ukarudi. Akasimama tu kando yake akimkingia jua na mwili wake, na sidhani kama alijua kwamba anafanya hivyo.

Jumapili asubuhi, Pearland. Amani hakuja mezani mpaka chai ilipopoa. Alipokuja, alimwambia mama yake kwa Kiingereza, na mama anakielewa zaidi ya anavyokizungumza, kwamba kwa miaka saba alijiambia Brian hakumjali. Alimwona mtandaoni mara nyingi na hakumwandikia, kwa sababu aliamini yeye ndiye aliyeachwa. Miaka hiyo mama hawezi kumrudishia. Na yeye leo hawezi kusema amemsamehe.

"Sikukuomba leo," Mama Amani akajibu kwa Kiswahili. "Kula."

Akampakulia sombe. Amani alikula yote. Halafu Njeri, aliyekuwa akiosha sufuria, akasema bila kugeuka kwamba mama yake Brian ni muuguzi, yuko Fort Worth, na kwamba wauguzi Wakenya wa Texas wote wako kwenye kundi moja la simu. Namba inaweza kupatikana kabla ya saa sita. Amani akasema yeye hataki kupiga. Mama Amani akasema si yeye anayetakiwa kupiga.

Safari ya kurudi ilikuwa na mvua hadi Madisonville. Kuanzia hapo Mama Amani alianza kuzungumza. Alinieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia Amani. Kambini, mtaa wa nyuma ya kwao, kulikuwa na kijana aliyepigwa na vijana wenzake kwa sababu hiyo hiyo, akapelekwa zahanati na hakurudi. Nilikumbuka. Nilikuwa nimefundisha dada zake. "Niliona ile ujumbe nikaona ile kijana," akasema. "Nikafikiri kanisa itamfunika." Nilimwambia amweleze Amani hivyo hivyo. Akasema atamweleza, lakini kwanza ana safari nyingine, na ananiomba nimpeleke, na safari hiyo nisiseme kitu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, Fort Worth. Kutoka Mesquite ni mwendo wa dakika hamsini kama barabara iko wazi. Brian anakaa ghorofa ya chini, peke yake. Anafanya kazi maabara ya hospitali. Mama yake alikuwa amemwarifu kwamba tutakuja, hakumwambia kwa nini. Alifungua mlango kabla hatujabisha mara ya pili. Ni kijana mnene kidogo, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, anti," akasema, na akanisalimu na mimi.

Mama Amani hakuingia. Alibaki nje ya kizingiti, mkoba ameushika kwa mikono miwili, akasema maneno aliyokuwa akiyarudia garini njia nzima.

"Siku ile uliyokuja kwangu, Amani alikuwa ndani. Nilikudanganya."

"Najua, anti," Brian akasema. "Viatu vyake vilikuwa hapo mlangoni."

Mama Amani akaangalia chini, kwenye kizingiti.

"Nilijua yuko ndani," akaendelea. "Nilifikiri ni yeye amekutuma uniambie hivyo. Nikaona basi, hanitaki. Ndio maana sikuandika tena."

"Hapana. Hakujua. Hakujua umekuja." Akajigusa kifua. "Ilikuwa mimi tu."

Brian alitutazama kwa muda, kwanza yeye, kisha mimi, kama anayetafuta mtu wa kumhakikishia. Nilikuwa nimeombwa nisiseme kitu, nikatikisa kichwa kukubali. Akasogea kando akatukaribisha ndani, akabandika maji ya chai jikoni, na tukiwa tumekaa tukamsikia anaongea na Amani kwa simu kule ndani, polepole, kwa Kiingereza, na kimya kirefu katikati. Mama Amani aliniuliza anasema nini. Nikamwambia hayo si ya kutafsiri.

Mtu akisafiri kilomita zote hizo huulizwa amejifunza nini. Nimejifunza kwamba vijana wawili waliishi miaka saba kila mmoja akiamini ameachwa na mwenzake, na sisi watu wazima tulioleta jambo hilo tulikuwa tukiishi nalo vizuri tu, tukienda kazini na kuimba kwaya. Nilijua sehemu yangu na Mama Amani alijua yake, na hakuna aliyetuuliza mpaka Amani alipotengeneza filamu. Mchungaji nimemwambia nitaendelea kutafsiri mahubiri, lakini mtu akipigishwa magoti tena pale mbele, mimi nitaenda kukaa. Hakufurahi. Bado ananisalimu.

Brian ana mwenzake siku hizi, na Amani anajua. Wamekwisha kuonana mara moja, Dallas, wakala pamoja, na walichosemezana ni chao. Mwisho wa filamu Amani hakuubadilisha. Anasema ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana wa kwenye ngazi. Amani hajamsamehe mama yake, au hajasema. Lakini humpigia simu kila Jumatano jioni, na Jumatano iliyopita nilipopita kwa Mama Amani kumrudishia bakuli lake, nilimkuta bado yuko kwenye simu, anamweleza jinsi ya kukaanga ndagala wasivunjike. Nikaweka bakuli mezani, nikatoka taratibu.